Kisu Kilichofungwa Kitambaa

Tulipomaliza matanga ya Bibi na ndugu wakaketi kugawana vitu vyake, mimi niliomba kisu. Wenzangu waliomba vitu vya maana. Mama mkubwa alichukua kanga, mama mdogo masufuria, na binamu yangu alichukua baiskeli isiyo na mnyororo, lakini baiskeli ni baiskeli. Mjomba Jilala ndiye aliyekuwa anagawa. Alikitoa kisu kile kwenye ungo wa vyombo, akakigeuzageuza, akanitazama kama mtu aliyeombwa majivu.

"Mama Sayi, hiki hakikunjiki tena, makali yamekwisha, na kimefungwa tambara. Si uchukue hata kinu?"

Nikamwambia kinu abaki nacho. Nikanyoosha mkono wa kushoto kukipokea kisu changu, na mama mkubwa akaguna vile vile walivyokuwa wakiguna watu wa mji ule tangu nizaliwe. Nikamtazama usoni na mkono wangu ukiwa bado hewani, mpaka akageukia kanga zake.

Sasa kisu kiko Nyasubi, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, hapa Kahama ninaposhona nguo za watu. Kinalala pamoja na mikasi, ambayo nayo imetengenezwa kana kwamba binadamu kapewa mkono mmoja tu, na nimejifunza kuibana kinyume mpaka inakata ninavyotaka mimi. Siku ya kwanza niliyolifungua lile tambara ilitoka harufu ya moshi na ya utomvu wa viazi uliokauka, na nikajikuta nimekaa chini sakafuni, mteja amesimama mlangoni na gauni lake mkononi, anauliza kama ninaumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa mtoto tena, na nilikuwa na hasira.

Nina shoto. Kwetu hilo lilitajwa kabla hata ya jina langu. Mgeni akifika ataambiwa, "Huyu ndiye Minza, ana shoto," kwa sauti ile ile ya kusema mtoto ana degedege. Nyinyi wa rika langu mliozaliwa na mkono huu mnajua nasema nini. Ukipokea kitu kwa kushoto unapigwa nyuma ya kiganja. Ukimega ugali kwa kushoto sahani inavutwa. Ukimwelekeza mtu njia kwa kushoto anakuuliza kama umemtukana. Watu wazima hawakuwa na ubaya, walikuwa na uhakika tu, na mtu mwenye uhakika hachoki kukupiga kiganja.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, nje kidogo ya Mhunze kule Kishapu, kwenye nchi ya pamba na ng'ombe ambako mvua hujifikiria sana kabla ya kunyesha. Mama alikuwepo, ila mji ulikuwa wa Bibi na neno lilikuwa la Bibi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mguu, mwenye mzaha mkali. Nyumbani tulizungumza Kisukuma, kwa hiyo maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyavalisha Kiswahili, na yeye angesema yamepwaya.

Kisu kililetwa na Mjomba Jilala. Alikuwa mchimbaji upande wa Geita, na kila aliporudi alirudi na vumbi jekundu kwenye mishono ya nguo na kitu kimoja cha kutuacha midomo wazi. Safari ile alitoa mfukoni kipande cha chuma kifupi kisichozidi kiganja, akakichomoa makali kwa kidole gumba, na kisu kikatoka kikasema tak! Kuku waliinua vichwa.

"Hiki kinaloki chenyewe," alisema. "Mama, jaribu kukikunja."

Bibi alijaribu. Alisukuma, akasonya, akasukuma tena. Kisu kilikaa wima. Mjomba akacheka, akatuonyesha upenyo ulio chini ya mpini, mle makali yanamolala kisu kikikunjwa. Ndani yake kulikuwa na ubamba mwembamba wa chuma uliopinda kidogo. Kisu kikiwa kimekunjwa, ubamba ule unabanwa pembeni. Kikifunguka, unaruka kwa springi yake na kusimama nyuma ya kisigino cha kisu, kama mtu aliyeweka mguu mlangoni. Hapo hakikunjiki mpaka uusukume ubamba kando kwa kidole gumba. Mimi niliuita ulimi, kwa sababu ulikaa ndani ya mdomo.

Mjomba alikuwa amekitumia sana kisu kile kule kwenye duara, ndilo jina lao la shimo la dhahabu. Alikatia kamba na midomo ya viroba vya mawe, na alisema vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe, linaingia hata kwenye meno. Alikuwa amenunua kingine, hiki akampa mama yake. Bibi alikipenda kupita kiasi. Visu vyake vingine ilibidi avibebe mkononi au avifunge kwenye kikapu, hiki alikikunja akakipiga fundo kwenye pindo la kanga, akatembea nacho kiunoni kama mwenye hati ya shamba. Akikutana na mwenzake njiani angesimama, angekifungua bila sababu yoyote, tak, kisha angekikunja na kuendelea na safari.

Viazi vilipokomaa mwaka ule Mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu Maduhu, kwa hiyo nafasi yake kwenye jiwe ilikuwa wazi. Nyuma ya mji wetu kulikuwa na jiwe pana, jeusi, lililolala kama ng'ombe anayecheua, na hapo ndipo wanawake wa jirani walipokutana kutengeneza michembe. Viazi vitamu vibichi vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinatandazwa juu ya jiwe juani mpaka vikauke kau, halafu vinawekwa kwenye vihenge vya kusubiri miezi ya njaa. Jiwe lilichoma nyayo. Utomvu mweupe wa viazi ulitugandia vidoleni ukageuka mweusi, na usiku mikono ilinuka sukari iliyochacha. Nilitaka kukaa kwenye jiwe lile kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani, kwa sababu msichana aliyekaa pale alikuwa ameshatoka kwenye kundi la watoto.

Bibi aliniketisha pembeni yake, akanipa kisu kile cha ajabu kwa sababu kilikuwa chepesi, akakiweka yeye mwenyewe kwenye mkono wangu wa kulia na kuvifunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Vyembamba," alisema. "Kinene kinaota ukungu katikati."

Kwa mkono wa kulia nilikata vipande kama kabari za shoka. Bibi alivirudisha mbele yangu. Nikakata vingine, akavirudisha navyo. Alipogeuka kumjibu jirani, nikahamisha kisu. Kwa kushoto viazi vilianguka vyembamba, sawasawa, unaweza kuliona jua kwa kupitia kwenye kipande. Bibi alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, akavipapasa, akasema, "Eeh, sasa umejua." Nilifurahi mpaka nikabana zaidi, na hapo kisu kikajikunja.

Sikusikia maumivu mwanzo. Niliona tu wekundu kwenye vipande vyeupe, kisha kidole changu cha shahada kikiwa kimeng'atwa kati ya makali na mpini. Nikapiga yowe. Wanawake waliruka, mmoja akafungua kisu, mwingine akatafuna majani akanibandika. Bibi aliutazama mkono wangu, akaona ni upi.

"Ni huo mkono," alisema. "Kisu kimeukataa."

Wenzake wakaitika kwa miguno. Mjomba alikuwa amekishika kisu kile miaka yote, Bibi amekishika wiki nzima, hakijamng'ata mtu. Kikaguswa na shoto siku moja, damu. Ushahidi gani mwingine ulitakiwa? Bibi alichana utepe kwenye kanga iliyochakaa, akaukunja mkono wangu wa kushoto kifuani, akaufunga kwa kuuzungusha mgongoni, fundo akaliweka ubavuni.

"Utakaa hapo mpaka uusahau," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayefunika chungu.

Nami nilimwamini kuhusu kisu. Hilo nataka lieleweke, sikuzaliwa mbishi, nilifanywa. Kwenye zizi letu kulikuwa na ng'ombe aliyezoea kukamwa kutoka upande mmoja, ukimwendea upande wa pili anakupiga teke na maziwa yote yanamwagika. Nikaona kisu nacho ndivyo kilivyo. Kimefundishwa huko Geita na mikono ya kulia, kimezoea, kimeona mgeni kikarusha teke. Nilikwenda mahali Bibi alipokitundika nikakisogezea mkono wa kulia kiunuse. Nikakisemesha kwa upole kama mnyama. Hata nilifikiria kuutia mkono wa kushoto samli ili unukie kama wa Bibi, lakini mkono wa kushoto haukuwa wangu tena, ulikuwa umefungwa.

Kilichonitisha kilikuwa kingine, na sikumwambia mtu. Maduhu alipozaliwa nilimwona Bibi akikifunga kitovu chake kwa uzi. Nilikichungulia kila siku. Kilisinyaa, kikawa cheusi, kikakauka kau kama mchembe, kisha asubuhi moja kikaanguka na Bibi akakichukua akaenda kukizika. Kwa hiyo nilijua kitambaa cha kufungia ni cha kazi gani. Watu wa mji wetu walipotaka kitu kiondoke mwilini walikifunga. Niliamka nikautikisa mkono wangu ndani ya kanga kuona kama bado umeshika. Vidole vikipata ganzi, nilijua vimeanza. Wakati wengine wanakula, mimi nilikuwa napanga mkono wangu utazikwa wapi.

Nikakasirika. Hofu ikikaa ndani ya mtoto siku nyingi inachacha kama ule utomvu. Nilijisemea kwamba kama mkono wangu unakufa kwa kosa, basi lazima nilione hilo kosa. Bibi alipokwenda kisimani nilikitungua kisu, nikaketi nacho nyuma ya kihenge, nikakikagua kwa mkono mmoja na meno.

Nilikifungua. Hakikusema tak. Kilisema kitu kama tep, sauti ya mtu mwenye chakula mdomoni. Nikakigeuza nikachungulia kwenye upenyo. Pale kwenye kona, ambapo ulimi ulitakiwa kusimama nyuma ya kisigino, utomvu wa viazi ulikuwa umeganda mweusi na mgumu. Ulimi ulikuwa haufiki mahali pake. Ulisimama ukingoni tu, kwenye ncha, kama mbuzi juu ya kichuguu. Na ile ncha yenyewe ilikuwa imelika, imekuwa ya mviringo na inang'aa, maana vumbi la karasha lilikuwa limeisugua miaka mingi. Nilisukuma mgongo wa kisu kwa dole gumba, na ulimi ukateleza. Kisu kikajikunja mkononi mwangu, mkono wa kulia, ule uliopendwa na watu wote.

Nilikaa pale nikikikunja na kukikunjua. Nikaona jambo lingine. Kwa mkono wa kulia, kinachofika kwenye ulimi ni kidole gumba peke yake, na mpaka utake mwenyewe. Nilipokibana kisu kwa vidole vya kushoto vilivyochomoza kwenye kanga, vidole vyote vinne vilipita juu ya upenyo, na nyama yake iliusukuma ulimi kuelekea upande ule ule wa kuufungulia. Hakikuwa kimeukataa mkono wangu. Huko kilikotengenezwa hakuna aliyeufikiria. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nimeishi kwa kuyatofautisha hadi leo.

Siku iliyofuata nilipanda jiweni na kipande cha bua la mtama. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye nafasi zao. Nikasimama katikati, nikakishika kisu kwa kulia ili wote waone, nikaweka bua mahali kidole kinapokaa, nikagonga mgongo wa kisu kwenye jiwe. Kisu kikajikunja na bua likakatika vipande viwili.

"Mmeona?" nikasema. "Ni mkono wa kulia. Kinakata hata wa kulia. Ulimi wake umelika na umeganda utomvu. Si mkono wangu."

Niliona jirani mmoja anakunja uso, anafikiri. Nilishinda, nikajua nimeshinda. Kisha Bibi akapiga makofi mara moja, akatikisa kichwa.

"Mayu we! Umeona sasa? Umeushika mno wa kushoto mpaka umeuambukiza na wa kulia."

Wakacheka. Wote, mpaka yule aliyekuwa anafikiri. Niliteremka pale jiweni nikiwa nimeuma meno, na huo ndio wakati nilipoamua, nikiwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, kwamba sitamthibitishia tena mtu yeyote kitu chochote kuhusu mwili wangu. Nimewahi kuulizwa na wateja, na mwenye nyumba wangu, na hata mchungaji, kwa nini sijaribu kubadilisha. Siwajibu. Nilishajibu siku ile, na walicheka.

Nilikwenda nyuma ya kihenge nikakitengeneza kisu. Nilichokoa utomvu kwa mwiba wa mgunga, nikausugua ulimi kwa majivu yaliyolowa, nikatia tone la mafuta ya pamba. Ulimi ukaruka mpaka mahali pake na kikasema tak, safi, kuku wakainua vichwa. Sikuweza kurudisha ncha iliyolika, hilo nililijua. Lakini nilijua pia pa kuweka vidole, nyuma, mbali na upenyo, na kwamba nisibane kwa furaha. Kisha nikashika fundo la kanga kwa meno. Bibi alikuwa amelikaza, lakini meno yaliyobaki yalitosha.

Nikapanda tena jiweni. Nilikaa kwenye nafasi ya Mama, nikavuta kikapu, nikashika kisu kwa kushoto mchana kweupe. Kipande cha kwanza kilianguka, cha pili, cha tatu. Mkono wangu ulikuwa umelegea kwa kufungwa, lakini vipande vilitoka vyembamba.

"Weka chini," Bibi alisema.

"Siweki."

"Minza."

"Siweki, Bibi. Ukininyang'anya nitaokota kingine. Ukiufunga nitaufungua. Huu mkono ni wangu, na hauanguki!"

Bibi alikuwa ameshainuka. Akasita. "Nani kakwambia unaanguka?"

"Kitovu cha Maduhu ulikifunga uzi," nikasema. "Kikakauka. Kikaanguka. Ukakizika."

Wanawake waliangua kicheko, mmoja akajilaza kabisa juu ya michembe. Mama alikuwa amefika na Maduhu mgongoni kuangalia kelele ni za nini. Yeye hakucheka. "Ndiyo maana analala ameukumbatia," alimwambia mama yake. "Mama, mtoto amekuwa akiukumbatia mkono wake siku zote hizi."

Bibi naye hakucheka. Alinitazama, nami nikamtazama, na mkono wangu uliendelea kukata kwa sababu niliogopa kwamba ukisimama utachukuliwa. Halafu akachuchumaa mbele yangu.

"Lete hicho kisu."

"Yaya," nikasema. Hapana.

"Lete. Nitakurudishia."

Nilimpa. Alikigeuza, akachungulia kwenye upenyo akiwa amefinya jicho, akausukuma ulimi kwa ukucha, akauona unavyoteleza. Akarudia. Alivunja kijiti kwenye kuni, akakichonga, akakishindilia ndani ya upenyo wa mpini, mahali makali yanapotakiwa kulala, mpaka hapakuwa na nafasi ya kisu kujikunja hata kikitaka. Kisha akauokota ule utepe wa kanga uliokuwa umeanguka miguuni pangu, ule ule, akauzungusha kwenye mpini kwa kukaza, tabaka juu ya tabaka, akapiga fundo na kulikaza kwa meno.

"Kisu hiki ni kibovu," aliwatangazia wenzake, kana kwamba amekigundua yeye. "Jilala ametuletea kisu kibovu."

Akanirudishia. Alikiweka kwenye mkono wa kulia, kwa mazoea au kwa ukaidi, sijui. Mimi nikakihamisha mbele yake. Akaenda kukaa mahali pake, na mchana ule wote kila nilipotandaza vipande vyangu alivipapasa na hakurudisha hata kimoja. Kisu hakikukunjwa tena tangu siku ile, na hakikufungwa tena kwenye pindo la kanga. Alipoteza pambo lake. Hakuwahi kusema kwamba mkono wangu ni mzima, na mimi sikukaa kumngoja aseme.

Msidhani vita viliisha. Kwenye kisu nilishinda, kwenye sahani tulipigana mpaka naolewa. Hata siku ya kuagwa, nilipokea kikombe cha maziwa kwa kushoto mbele ya wakwe na Bibi akanipiga nyuma ya kiganja, pa! maziwa yakaniruka kwenye nguo mpya. Nikakipokea tena kwa kushoto. Wakwe wakatazamana. Wakaona nyumba gani wanachukulia mke.

Miaka ikapita, kisha kiharusi kikampata Bibi. Upande wa kulia ukafa wote, kuanzia bega mpaka kidole cha mguu. Mama alinipigia simu, akaniambia, "Bibi yako hali." Nikauliza hawezi kumeza? Akasema anaweza. Ila hataki kulishwa kama mtoto, na hataki kutia mkono wa kushoto kwenye chakula. Sahani inakaa mpaka inapoa, anageukia ukutani.

Nilifunga kibanda changu nikaenda Kishapu. Nilimkuta amekonda, jicho bado kali. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa nusu ya mdomo. Sikumbembeleza. Niliweka sahani ya ugali na mlenda katikati yetu, nikanawa, nikamega kwa kushoto. Nikala. Nikamega tena. Nilikula polepole, mbele ya macho yake, kama nilivyotamani kula mbele yake maisha yangu yote, na mkono wake mzima ulikuwa pale mapajani, karibu sana na kiganja changu.

"Vihesabu," nilimwambia, nikimnyooshea vidole vilivyojaa mlenda. "Vyote vipo, Bibi. Hakuna kilichoanguka."

Nusu ya mdomo wake ikatetemeka. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Akasema, "Una kiburi." Nikasema, "Nimekirithi." Mama alikuwa mlangoni, akageuka akatoka. Bibi alingoja mpaka atoke, akaninong'oneza nitazame pembeni. Nilitazama pembeni. Nilisikia sahani ikisogea.

Ulikuwa msimu wa viazi. Kesho yake nilimbeba nikamketisha uani juu ya mkeka, nikaketi mbele yake na kikapu na kile kisu chenye kitambaa, maana ndicho kilichokuwa jikoni siku zote. Alinitazama nikikata, kisha akakiomba. Nilikiweka kwenye mkono wake wa kushoto, nikavifunga vidole vyake kimoja kimoja, nikamshikia kiazi. Alikata kipande kama kabari ya shoka.

"Kinene," nikamwambia. "Kitaota ukungu katikati."

"Nyamaza," akasema, akakata kingine.

Alipochoka aliweka kisu chini, akachukua mchembe mmoja mkavu kwenye ungo, akaupuliza vumbi, akaninyooshea. Mkono ulikuwa unayumba.

"Bibi," nikamchokoza, "huo ni mkono gani?"

"Uliopo," akasema.

Nikanyoosha wa kwangu wa kushoto, nikapokea.